Siku Tulipoandika Makiwa

Mtaani waliiita nyumba ya mapicha, ijapokuwa mwaka mzima niliofanya kazi mle ndani sikuona picha hata moja ukutani. Ilikuwa nyumba ya mawe ya ghorofa mbili katika Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho mkokoteni ukipita, lazima mtu ajibanze mlangoni. Shirika moja dogo lililoishi kwa misaada liliichukua ili wasanii wasiouza kitu wapate mahali pa kufanyia majaribio yao. Nasema wasiouza kwa sababu kazi zenyewe hazikuwa za kuuzika: nani angenunua chumba kilichojaa chumvi hadi kwenye vifundo vya miguu? Huyo wa chumvi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikuja Januari, akamwaga magunia yake, akakaa wiki tatu akiitazama chumvi ikinyonya unyevu, kisha akaenda zake akaniachia mimi ufagio.

Kazi yangu iliitwa uangalizi. Nilifungua mlango saa tatu, nikafagia, nikakaa kwenye meza pamoja na kitabu cha wageni, nikafunga saa kumi na mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Mtaita wa Wundanyi, nimeshuka pwani na cheti cha uhazili na Kiswahili cha shuleni nilichojivunia kupita kiasi. Nilipanga chumba nyuma ya Mwembe Tayari. Asubuhi na jioni nilipita katikati ya mabasi ya bara, na makuli wa pale waliokuwa wakipiga kelele "Voi! Voi!" walinikata maini, kwa maana Voi ndiyo njia ya kwetu.

Mkurugenzi wetu, mama mmoja aliyekuja kwa treni kutoka Nairobi kila mwisho wa mwezi, alikuwa mtu mwema lakini hakuwa na subira. Akifika, kabla hajaketi, alifungua kitabu cha wageni. Mlikuwa na majina ya watalii, ya wanafunzi wa kigeni, ya marafiki wa wasanii.

"Mtaa wenyewe uko wapi?" aliniuliza. "Tumewawekea nyumba mlangoni mwao, hakuna hata mmoja aliyeingia?"

Mwezi wa pili alinieleza waziwazi. Wafadhili walitaka kuona kwamba nyumba ina wenyeji. Ikifika Desemba na kitabu hakina jina la mtu hata mmoja wa mtaa ule, nyumba ingefungwa na vitu vyote vingepelekwa Nairobi. Mimi nisingepelekwa. Ningerudi kwetu.

Basi nilifanya jitihada, na jitihada zangu zote zilikuwa za kijinga. Mwanzoni meza yangu ilikuwa ghorofani. Mtu alisimama chini akapiga hodi, mimi sikumsikia, na mlango ukiwa wazi si kwamba mtu atajiingilia tu. Alipiga hodi ya pili, ya tatu, akaenda zake. Nilipogundua hilo, nikaiteremsha meza hadi mlangoni. Sasa wakawa wananisalimu kwa adabu zote, wananiuliza habari za nyumbani, habari za kazi, na kupita. Wanaume hawakuweza kuingia nyumba iliyo na mwanamke peke yake, na wanawake hawakuona sababu. Niliandika KARIBUNI kwa herufi kubwa nikabandika. Mbuzi mmoja aliingia.

Machi mama yangu alifariki.

Barua zetu wakati ule hazikupitia posta. Mtu alimpa kondakta wa basi, kondakta akaiacha kwa karani wa ofisi yao pale Mwembe Tayari, na mwenye barua akapita kuuliza. Mimi nilikuwa nikiuliza Jumamosi. Barua ya kaka yangu iliingia Jumatatu: mama amefariki, mazishi Alhamisi, njoo upesi. Nilipita mbele ya ofisi ile Jumatatu jioni. Nilipita Jumanne asubuhi na jioni, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku moja karani alikuwa amesimama mlangoni akichokonoa meno, na tukasalimiana. Jumamosi nilipoipokea, niliifungua papo hapo nimesimama katikati ya watu na mizigo, nikapanda basi lililokuwepo. Nilifika jioni. Maua yalikuwa yameshanyauka juu ya udongo. Kaka yangu hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu, "Tulikungoja hadi saa tisa."

Nililala siku mbili nikarudi kazini. Mkurugenzi, aliyejua tu kwamba nilikwenda kwetu, aliniuliza kama nilipumzika vyema. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa na mtu wa kumwendea isipokuwa mimi mwenyewe.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye ningeweza kumwambia. Mkabala na mlango wetu alikaa bibi mmoja mjane aliyepika mahamri na mbaazi akiuzia kizingitini mwake, na mimi nilinunua kwake kila asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waamkaje?"

"Njema."

"Habari za kwenu?"

"Njema."

Hapo huwa nimeshashika mahamri yangu, nimeshageuka. Nilikuwa nimeona jinsi wenzangu wanavyofanya. Salamu za mji ule ni ndefu, na wote husema njema, njema, alhamdulillahi, hata aliyeunguliwa na nyumba. Habari yenyewe hutoka baadaye, mtu akishaketi, akishaulizwa mara ya tatu au ya nne, sauti ikishashuka. Niliyajua hayo vizuri kama mtu anavyojua sheria za mchezo asioucheza. Mimi nilikuwa naondoka baada ya njema ya pili. Siku ile niliyorudi kutoka makaburini nilisema njema mbili, nikavuka kichochoro, nikala mahamri nikilia, na katikati ya machozi yale nikamlaumu bibi wa watu kwamba hakujua.

Miezi ikaenda hivyo. Alikuja mmoja aliyetundika nyavu kuukuu alizopata kwa wavuvi wa Liwatoni, akafunga humo redio sita zikisema kwa pamoja. Fundi wa saa mwenye duka la pembeni alikuja hadi mlangoni kutuomba, kwa heshima, tupunguze. Hakuingia. Nilifikiri kumwomba atie sahihi pale pale kizingitini, kisha nikaona haya. Jioni nilirudi chumbani, nikawasha jiko, nikapika chakula cha mtu mmoja. Kupika ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu. Siku zote hubaki.

Mwisho wa Oktoba akaja msanii wa mwisho. Alikuwa msichana wa Nakuru, mdogo kwangu kwa miaka mitatu minne, mwenye nywele fupi na kamusi nene iliyochanika mgongo. Alitaka kufanya kazi juu ya upweke. Nilimpenda mara moja, kisha nikamwogopa kidogo, maana mtu akikuuliza mambo ya upweke kwa daftari na kalamu, unahisi ameshakujua.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angetandika mikeka na kupanga viti vingi mbele ya nyumba, pale kichochoro kinapopanuka, na vingine ndani. Juu ya sinia angepanga finjani za kahawa, safi, bila kahawa. Na pasingekuwa na mtu. Viti vitupu tu, vikingoja. Juu ya mlango angetundika shuka jeupe lenye neno moja.

"Nimelipata," aliniambia, akinionyesha kamusi. "Ukiwa. Hali ya kuwa peke yako, ya kuachwa. Ni neno zuri, au sivyo?"

Nikasema ni zuri. Nililijua kutoka kanisani.

"Lakini mtu akiliona juu ya mlango atasoma 'wewe ukiwa'. Ukiwa nini? Ukiwa na njaa? Tena mimi sitaki wa mtu mmoja, nataka wa wengi. Wingi wake ni nini?"

Hapa ndipo Kiswahili changu cha shuleni kilipopanda jukwaani. Nilimweleza kama mwalimu: ugonjwa, magonjwa, uovu, maovu, kwa hiyo ukiwa, makiwa.

"Makiwa," akalionja mdomoni. "Una hakika?"

"Kabisa."

Tulichora herufi pamoja kwa rangi nyeusi, sakafuni, tukicheka. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote mwaka ule. Viti tuliazima kwa bwana mmoja wa mtaa wa pili, vile vya chuma vya kukunja. Tulipomwambia ni vya Makiwa, alituuliza, "Poleni, ni vingapi?" nasi tukadhani anatupa pole ya kubeba.

Ufunguzi ulikuwa uwe Ijumaa. Alhamisi mchana tukapanga kila kitu tuone kinavyokaa: mikeka, viti, sinia la finjani, shuka juu ya mlango. Msanii akaenda Mwembe Tayari kuwapokea rafiki zake waliokuwa njiani na basi. Mimi nikaachwa kulinda. Nikaketi kwenye kiti kimoja cha nyuma, peke yangu katikati ya viti vitupu, na nikafikiri, bila kujionea huruma sana, kwamba kazi ile ilikuwa imekamilika.

Watu wakatoka msikitini baada ya alasiri. Wa kwanza alikuwa fundi wa saa. Alisimama, akasoma shuka, akanitazama, akaja polepole mkono kifuani.

"Makiwa," alisema kwa sauti ya chini.

Moyo wangu uliruka. Amesoma! "Naam, Makiwa, ndiyo hayo hayo!" nilimwambia, nikitabasamu kwa meno yote. "Karibu ndani utazame."

Alirudi nyuma hatua moja. "La, ahsante. Papa hapa patosha. Watatazama jamaa."

Akavua viatu, akaketi kwenye mkeka. Nyuma yake wakaja wawili, kisha watano, kisha sikuweza kuhesabu. Kila mmoja alinipita akisema "makiwa", nami kila mmoja nikamjibu "makiwa" kwa furaha, nikifikiri loo, kumbe sanaa ni neno moja tu. Muuza kahawa akaja na dele lake, akaliweka kando ya sinia na kuanza kumimina katika finjani zetu. Nilitaka kumwambia kwamba zinatakiwa ziwe tupu, lakini nani amfukuze mgeni aliyemngoja tangu Januari?

"Mmekwisha kosha?" fundi wa saa akaniuliza, akiinama.

"Tumekosha mapema," nikasema. "Zote thelathini."

Muuza kahawa aliacha kumimina. "Thelathini?" alisema. "Innalillahi!"

"Finjani," nikasema.

Fundi wa saa alifumba macho kidogo, kisha akasema kwa upole mkubwa sana, "Mwanangu, sisi twauliza maiti."

Ndipo nilipoona. Niliviona viti, mikeka, kahawa, shuka jeupe na nyuso zile, na nikaelewa kila kitu kwa pamoja. Neno nililolitengeneza kwa ngeli za shuleni lilikuwa neno lao tayari, nalo husemwa mahali pamoja tu, penye msiba, kumpa pole aliyefiwa. Nilisimama. Nilitaka ardhi inimeze. Kabla sijafungua mdomo, wanawake wakaja kutoka upande wa pili, mabuibui meusi, na mbele yao bibi wa mahamri amebeba sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Hakuniuliza kitu mbele ya wanaume. Alinishika mkono akanipitisha mlangoni mwangu mwenyewe, ndani, hadi chumba kilichokuwa cha chumvi. Mwaka mzima niliwangoja waingie mlango ule, na siku ile mimi ndiye niliyeingizwa.

"Haya, niambia," akasema. "Twasikia pana maiti nyumba ya mapicha, mgeni, hana mtu. Tukasema hawezi kuzikwa bila mtu. Nani alokufa?"

"Hakuna maiti, bibi," nikasema. "Ni kazi ya sanaa. Tumekosea neno. Viti vile ni... ni vya upweke."

Hakukasirika. Alikunja uso kama mtu asiyesikia vizuri.

"Upweke wa nani?"

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na karatasi nzima ya maelezo mezani, nimeipiga chapa mwenyewe, inayosema upweke ule ulikuwa wa nani na nani. Lakini yeye aliuliza kama mtu anavyouliza kiatu hiki ni cha nani, akitaka mwenyewe aje achukue.

"Mamangu alikufa," nikasema.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Nilichelewa. Walikuwa wameshamzika."

Bibi aliitua sufuria chini. Wanawake wengine walikuwa wamesimama mlangoni. Hapo ndipo bibi alipokasirika.

"Mwezi wa tatu? Na hini miezi yote waja kwangu kila asubuhi, nakuuliza waamkaje, wanambia njema? Nakuuliza habari za kwenu, wanambia njema? Mwana gani wewe? Hata huketi! Washika mahamri yako, huyo!"

Nilianza kulia, kulia kwa aibu kwanza, kisha kwa lile lenyewe. Alinivuta kifuani, ambapo palinuka iliki na mafuta ya kukaangia, akanikaza kama vile nilikuwa nataka kukimbia.

"Makiwa, mwanangu," alisema.

Sikujua kinachojibiwa. Nilimwambia sijui.

"Huitikiwa, yamepita."

Nilijaribu. Mdomo ulifunguka, na neno halikutoka, kwa sababu lilikuwa uongo. Akanipapasa mgongo. "Haya, si lazima leo," akasema.

Kisha akatoka nje. Nilimsikia akiwaambia wanaume kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa: hakuna maiti humu, wamekosea wana wa watu, lakini huyu mwana amefiwa na mamake tangu mwezi wa tatu na hakuna alompa pole. Nilingoja kusikia viatu vikivaliwa. Walikuwa na kila haki ya kuondoka, hata ya kutukana. Nikasikia kikohozi cha mtu, kisha sauti ya fundi wa saa: "Basi tumekwisha kuketi."

Wakakaa. Walijua mimi ni Mkristo, nilikuwa na msalaba shingoni, na hakuna aliyelisema. Mzee mmoja aliomba dua fupi ya subira, wengine wakaitikia amin. Sufuria ya bibi ilikuwa na mbaazi. Tukala wanawake ndani, sakafuni, nikawasimulia habari za mama: alivyokuwa akilima mteremkoni akiimba, alivyokuwa mkali kwa watu wanaoacha mlango wazi. Waliuliza maswali. Hakuna aliyeharakisha.

Kitabu cha wageni kilikuwa mezani, wazi, na kalamu yake. Nilikiona. Wote wale walikuwa wa mtaa ule ule, na nilihitaji jina moja tu. Nilikwenda nikakifunga, nikakitia kwenye mtoto wa meza kabla mtu hajakiona. Sijapata kujuta kwa hilo, ingawa niliyajua matokeo yake.

Msanii alirudi karibu na magharibi, akiwatangulia rafiki zake. Nilimkuta amesimama penye pembe ya kichochoro, mkoba begani, akitazama viti vyake vimejaa watu na finjani zake zimechafuka.

"Umewaita?" aliniuliza.

"Hapana. Ni lile neno."

Nilimweleza. "Kazi yangu ilikuwa viti vitupu," alisema hatimaye, na akageuka asinionyeshe uso. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ameifanyia kazi ile mwezi mzima. Usiku ule alilishusha shuka mwenyewe. Ijumaa hatukufungua kitu, na Jumapili akarudi kwao. Hakuniandikia, wala mimi sikumwandikia.

Desemba mkurugenzi akafika, akafungua kitabu kabla hajaketi.

"Hata mmoja?" aliniuliza.

"Hakuna aliyekuja kutazama," nikasema, na ilikuwa kweli. Alikifunga taratibu. Nadhani aliumia kuliko alivyoonyesha. Wiki mbili baadaye vitu vilifungwa kwenye makasha, na nyumba ikarudishiwa mwenyewe.

Ningependa kusema kwamba tangu Alhamisi ile sikuwa mpweke tena, lakini haikuwa hivyo. Watu walinisalimu kwa ukunjufu zaidi, fundi wa saa aliniuliza habari za kaka yangu, na jioni nikarudi chumbani kupika ugali wa mtu mmoja. Asubuhi bado nilimwambia bibi njema, mbili, nikageuka. Nadhani alikuwa akinivumilia, au akiningoja.

Siku ya mwisho nilikuja kurudisha ufunguo. Nilikuwa na sanduku langu na tiketi ya basi la Voi la saa tatu. Bibi alikuwa kizingitini, karai mbele yake, mafuta yakichemka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Waamkaje?"

"Njema."

"Habari za kwenu?"

Nilikuwa nimeshanyosha mkono kupokea mahamri. Nikaurudisha.

"Si njema, bibi," nikasema. "Naogopa kwenda. Nyumba ya mama haina mtu."

Hakusema pole. Alisogeza ungo wa mahamri upande wa pili, akapangusa jiwe la kizingiti kwa ncha ya leso yake.

"Basi keti," akasema.

Nikaketi. Basi la saa tatu liliondoka bila mimi, na la saa tano pia.